Mtetemo wa Difu ya Mbele katika Pikapu Iliyoinuliwa

Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Pikapu ya chama ni mali ya wanachama kama lilivyo ghala, ilivyo mizani na lilivyo sanduku la fedha. Ikisimama siku ya kukusanya mazao, kahawa hulala majumbani, maziwa huchachuka madebeni, na mkulima aliyeamka alfajiri hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo maradhi ya gari hayafai kuachwa yajulikane na fundi peke yake. Yule anayetia sahihi hati ya malipo anapaswa kuelewa analipia nini.

Maradhi yanayozungumzwa hapa huyapata magari yaliyoinuliwa. Njia za vijijini zina makorongo na mawe, na vyama vingi huona heri kuinua pikapu ili tumbo lake lisikwaruzwe. Mafundi huongeza bamba la springi, huweka vipande vya chuma juu ya springi za mviringo, au hukaza zile fito za msokoto ziitwazo toshenba. Gari hupanda juu na kila mtu hufurahi. Baada ya muda dereva huleta taarifa: gari likifika mwendo wa kilomita 50 hadi 80 kwa saa, sakafu ya mbele hutetema na kuvuma. Mara nyingi hatua ya kwanza huwa kumlaumu dereva, na ya pili kununua tairi mpya. Hatua zote mbili zaweza kuwa za makosa, na ya pili ina gharama kubwa.

Jinsi nguvu inavyofika mbele

Katika gari la magurudumu manne, nguvu ya injini hutoka kwenye giaboksi na kuingia katika sanduku la kugawa nguvu, ambalo mafundi huliita transfa. Kutoka hapo shafti ndefu, yaani propela, huipeleka mbele hadi kwenye difu. Difu nayo huigawa kwa shafti mbili fupi, ya kulia na ya kushoto, zinazozungusha magurudumu. Kwa kuwa transfa na difu hazimo katika mstari mmoja ulionyooka, kila ncha ya propela hufungwa jointi ya msalaba ili iweze kujikunja inapozunguka.

Jointi hii ina tabia moja ambayo ndiyo kiini cha habari yote. Ikikunjwa, upande unaosukuma huzunguka kwa mwendo wa sawasawa, lakini upande unaosukumwa huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 10, mwendo huzidi na kupungua kwa asilimia 1.5 hivi. Pembe ikiwa digrii 20, tofauti hufika asilimia 6 hivi. Yaani pembe ikiongezeka mara mbili, kosa huongezeka mara nne. Waundaji wa magari huliponya kosa hili kwa kuweka jointi mbili zenye pembe sawa, na uma za ncha mbili za propela zikielekea upande mmoja. Hapo kosa la jointi ya kwanza hufutwa na jointi ya pili.

Kuinua gari huvunja mapatano hayo

Namna gari linavyoathirika hutegemea umbile lake la mbele. Magari kama Land Rover za zamani na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 yana ekseli nzima mbele. Gari la namna hiyo likiinuliwa, difu hubaki chini pamoja na ekseli, na transfa hupanda pamoja na chasisi. Propela yenye urefu wa milimita 700, ncha yake moja ikipandishwa milimita 50, huongezewa pembe ya digrii 4 hivi. Ikipandishwa milimita 100, huongezewa digrii 8 hivi. Hata pembe za jointi mbili zikibaki sawa, propela yenyewe iliyo katikati huendelea kuharakisha na kupunguza mwendo, na uzito wake huitikisa transfa na difu.

Katika pikapu nyingi za miaka ya karibuni, kama Toyota Hilux zilizotoka tangu 2005, kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake, na difu imefungwa kwenye chasisi. Gari likiinuliwa, difu hupanda nalo, na propela haibadiliki sana. Pembe huongezeka katika zile shafti fupi za magurudumu. Jointi zake, ambazo mafundi huziita sivi, zimeundwa ili zisibadilishe mwendo zinapokunjwa, lakini pembe kubwa huchosha gololi zake, hupasua mipira ya kuzuia vumbi, na husukuma shafti pembeni mahali inapoingia katika difu.

Mfano unaofahamika sana ni wa Toyota Tacoma zilizouzwa Marekani, za modeli ya 2005 hadi 2015. Upande wa kushoto wa difu ya mbele, shafti fupi hushikwa na beringi ya sindano yenye nafasi ndogo ya kucheza. Gari likiwa na urefu wake wa asili, nafasi hiyo haina madhara makubwa. Likiinuliwa, shafti huchezacheza ndani ya beringi, na mtetemo husikika gari likienda kwa magurudumu mawili. Mafundi wa huko walipata dawa kwa kuitoa beringi ile na kuweka bushi ya chuma inayoikumbatia shafti kwa karibu zaidi.

Uchunguzi kabla ya kununua kitu

Kwanza, itenganishwe injini. Gari likiwa katika mwendo unaoleta mtetemo, dereva akanyage klachi na kuacha injini ishuke. Mtetemo ukibaki vile vile, injini haina kosa.

Pili, isikilizwe kasi ya mtetemo. Tairi yenye mzingo wa mita 2.3 huzunguka mara 7 hivi kwa sekunde gari likienda kilomita 60 kwa saa. Ikiwa difu ina uwiano wa 4.1, propela huzunguka mara 30 hivi kwa sekunde hiyo hiyo, na jointi yenye pembe mbaya hupiga mara 60. Kwa hiyo gurudumu lisilosawazishwa hutikisa usukani kwa mapigo ya polepole, lakini propela huvuma chini ya miguu na katika kiti. Chama kinachonunua tairi kwa ajili ya mvumo wa sakafuni hutibu mguu kwa maumivu ya jino.

Tatu, zitumiwe habu. Gari lenye habu za kufunga na kufungua kwa mkono liendeshwe mara mbili katika barabara ile ile na kwa mwendo ule ule, transfa ikiwa katika magurudumu mawili. Safari ya kwanza habu ziwe wazi, ya pili zifungwe. Habu zikiwa wazi, propela na difu ya mbele hupumzika. Mtetemo ukija tu zinapofungwa, asili yake ni huko mbele.

Nne, gari lisilo na habu za namna hiyo, lenye difu ya aina ya Tacoma, lipelekwe kwenye barabara ya changarawe iliyonyooka na kutiwa katika magurudumu manne. Mtetemo ukitoweka au kupungua sana, ile beringi ya sindano ndiyo ya kushukiwa kwanza. Jaribio hili lisifanywe juu ya lami kavu, kwa maana shafti za mbele na za nyuma hukazana na kuumiza gia.

Tano, gari likaguliwe chini. Injini izimwe na magurudumu yawekewe vizuizi. Fundi ashike propela aizungushe na kuiinua kwa mkono. Jointi nzima haina mchezo. Vumbi jekundu la kutu pembeni mwa msalaba ni ishara kwamba sindano zake zimekauka grisi. Aangalie pia bolti za flanji, matope yaliyogandamana, mbonyeo juu ya propela, mafuta yanayovuja penye sili ya pinioni, na mipira ya sivi iliyopasuka.

Matengenezo, kuanzia yenye gharama ndogo

Matope yaondolewe, bolti zikazwe, na jointi zitiwe grisi. Kisha zitazamwe uma za ncha mbili za propela. Propela ina sehemu mbili zinazochomekana kwa meno, na fundi mwenye haraka akizirudisha kwa kuruka jino moja tu, uma haziwi tena sambamba, na gari lililokuwa zima hutetema. Tiba yake ni kuichomoa na kuichomeka upya mahali pake, kazi isiyodai kipuri chochote. Ndiyo maana kabla ya kufungua propela yapasa kutia alama ya chaki au ya patasi katika sehemu zote mbili.

Ikiwa jointi imelegea, ibadilishwe. Kwa kawaida huwa busara kubadilisha zote mbili pamoja, kwani zimefanya kazi sawa.

Mtetemo ukiendelea, pembe zipimwe. Gari lisimame mahali tambarare, juu ya magurudumu yake, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pima ya digrii ya shuleni, uzi na nati nzito iliyofungwa mwishoni mwa uzi vyatosha kusoma mwinamo wa transfa, wa propela na wa pinioni ya difu. Tofauti kati ya transfa na propela ndiyo pembe ya jointi ya kwanza. Tofauti kati ya propela na pinioni ndiyo ya pili. Pembe hizo mbili zisiachane kwa zaidi ya digrii 1.

Katika gari la ekseli nzima, fundi anaweza kuweka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli ili kugeuza uso wa pinioni. Hapa tahadhari inahitajika. Pinioni ikiinuliwa kuelekea transfa, mwinamo wa nguzo za magurudumu hupungua, na usukani hupoteza tabia yake ya kujirudisha katikati. Gari lisilotetema lakini linalotangatanga barabarani ni hatari kuliko lile la kwanza. Propela yenye jointi ya misalaba miwili upande wa transfa hufuata kanuni nyingine: pinioni yake hutakiwa kuitazama transfa moja kwa moja.

Katika gari lenye difu juu ya chasisi, kuna vipande vya kuishusha difu kwa milimita 25 hivi, lakini hupunguza pembe ya shafti fupi kidogo tu. Beringi ya sindano ikiwa ndiyo yenye kosa, na bushi ya difu hiyo ikipatikana, shafti ya kushoto hutolewa, bushi hupigwa mahali pake, sili mpya huwekwa, na kipimo cha mafuta ya difu hukaguliwa kabla gari halijaondoka.

Dawa ya mwisho ni ile isiyopendwa, nayo ni kushusha gari. Pikapu iliyoinuliwa milimita 100 ikirudishwa hadi 50, au hadi urefu wake wa asili, mara nyingi huacha kutetema bila kipuri chochote kipya.

Wajibu wa katibu na kamati

Mtetemo ukipuuzwa hula sili ya pinioni, mafuta ya difu huvuja polepole bila kuonekana, na siku moja gia husagana zenyewe kwa zenyewe. Jointi ikikatika safarini, propela huning'inia na yaweza kuchoma ardhi gari likiwa na watu na mzigo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika chama, ukuta huo hujengwa kwa makato ya mkulima.

Kwa hiyo yafaa kila chama kiwe na daftari la gari. Dereva aandike tarehe, mwendo ambao mtetemo huanza, mzigo uliokuwamo, na kama magurudumu manne yalikuwa yakivuta. Katibu alipeleke daftari hilo kwa fundi pamoja na gari. Dereva anayetoa taarifa mapema ashukuriwe, asikatwe mshahara, kwa kuwa dereva aliyeadhibiwa mara moja hunyamaza mara ya pili, na kimya chake humgharimu kila mwanachama.

Kamati nayo isikubali gari liinuliwe kwa neno la mdomo. Kabla ya kazi kuanza, fundi aandike gari litapanda milimita ngapi, pembe za propela ni ngapi sasa na zitakuwa ngapi, na kama mipira ya breki itafika gurudumu likishuka hadi mwisho. Fundi asiyeweza kujibu maswali hayo matatu asikabidhiwe funguo. Na kama shida ni korongo moja katika njia ya kwenda kituo cha kununulia mazao, kamati ijiulize kwanza kama siku moja ya wanachama wenye majembe na mawe haitatosha kulifukia, gari likabaki kama lilivyoundwa.