TULINDE MIPAKA YA KIHAMBA KISICHOONEKANA

Hotuba kwa wafanyabiashara wa Himo



Sisi wa miteremko ya Kilimanjaro twajua maana ya mpaka. Wazee wetu walipanda masale kati ya kihamba na kihamba, na aliyeyavuka kwa jembe alijua analeta ugomvi. Leo twasema juu ya mpaka mwingine, ulio ndani ya simu zetu.

Kila programu hupewa kiwanja katika kumbukumbu ya mashine. Programu nyingi za kufungulia intaneti na barua pepe zimeandikwa kwa lugha za C na C++. Lugha hizo zina mbio, lakini hazipandi masale. Mwandishi akikosea hesabu, picha au barua iliyoletwa na mgeni hufurika kiwanja chake na kuandika juu ya shamba la jirani. Kosa la pili ni kama mpangaji aliyehama akabaki na ufunguo: chumba kikipangishwa kwa mwingine, yeye bado huingia. Mwizi hodari hupitisha amri zake papo hapo.

Je, makosa haya ni machache? Mwaka 2019 Microsoft walisema asilimia 70 hivi ya kasoro za usalama wanazoziba kila mwaka ni za namna hii. Mwaka 2020 Google walitaja kiasi hicho hicho kwa kasoro kubwa za Chrome. Septemba 2023 kasoro moja katika kufungua picha za WebP iliwalazimu wenye Chrome, Firefox na Thunderbird ya barua pepe kutoa kiraka upesi.

Wala si mambo ya ng'ambo tu. Desemba 2021 iliripotiwa kuwa simu za watumishi wa serikali ya Marekani wasiopungua tisa, waliokuwa Uganda au walioshughulikia mambo ya Uganda, zilivunjwa kwa chombo cha kampuni ya NSO ya Israeli. Njia ilikuwa kasoro ya namna hiyo hiyo katika kufungua picha, wala mwenye simu hakuhitaji kubonyeza kitu.

Chombo kile ni ghali. Hakikutengenezwa kwa muuza mahindi. Lakini tundu likishatangazwa, wezi wadogo nao hulijua, wakawatafuta wasioziba.

Dawa ya kudumu ipo. Lugha ya Rust, iliyolelewa na Mozilla na kutolewa rasmi mwaka 2015, humkataa mpangaji wa zamani kabla programu haijaanza kazi, na huisimamisha inayotaka kuvuka mpaka. Lakini kuandika upya kazi ya miaka mingi si kazi ya siku moja.

Basi, ndugu zangu, tufanye yaliyo mikononi mwetu. Simu ikiomba marekebisho, tuyakubali siku hiyo hiyo, tusionee uchungu bando. Simu isiyopata tena viraka tusiiwekee fedha za biashara. Na vyama vyetu vya ushirika na shule zetu, vinaponunua mashine, vimwulize muuzaji: viraka vitaletwa miaka mingapi? Asiyejibu, tumwache na mali yake.

Mpaka usiolindwa si mpaka. Tuwe macho!