Mwalimu wa Nasari na Mambo ya Kutoka Nje
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya mwalimu wetu wa nasari. Akienda semina akarudi na mambo mapya, wengine husema, "Hayo ni ya wazungu, hapa hayawezekani." Wengine nao hupenda kila kitu cha nje. Sikilizeni kwanza habari hii.

Mwaka 1945, vita vilipokwisha Italia, watu wa kijiji cha Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia, waliamua kujenga shule ya watoto wadogo. Pesa hawakuwa nazo. Lakini Wajerumani walipokimbia waliacha kifaru cha vita, malori machache na farasi. Wanakijiji waliviuza, wakaanza kujenga kwa mikono yao. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, aliposikia alipanda baiskeli kwenda kuona kama ni kweli. Aliwakuta akina mama wakisafisha matofali ya nyumba zilizobomoka. Kazi hiyo ya watoto aliifanya mpaka alipofariki mwaka 1994.

Je, hiyo si harambee?

Mwalimu wetu ana nini cha kuchukua huko? Kumsikiliza mtoto. Walimu wa Reggio huandika yale watoto wanayosema na kuuliza, halafu wanapanga kazi kutokana nayo. Mtoto akiuliza kwa nini siafu hutembea kwa mstari, mwalimu asimnyamazishe. Awatoe wote nje, watazame, wahesabu, wachore mchangani. Hapo wamesoma hesabu, lugha na sayansi bila kununua kitu.

Na cha kuacha? Shule zile zina walimu wawili kwa kila darasa na chumba maalum cha sanaa. Tukingojea hayo, watoto wetu watazeeka.

Kenya tumewahi kuchagua hivyo. Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ilianza mradi wa shule za chekechea kwa msaada wa shirika la Bernard van Leer la Uholanzi. Msaada ulitoka nje, lakini hadithi na nyimbo zilikusanywa hapa, kwa lugha za mama, na vifaa vikatengenezwa kwa vizibo, mbegu na makopo. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha kitaifa, NACECE. Walimu wakawa wanasoma wakati wa likizo huku wakiendelea kufundisha.

Sasa kazi ni yetu, na ni mambo matatu.

Kwanza, mkiwaona watoto wako nje na mwalimu, msiseme, "Anacheza tu." Muulizeni wanajifunza nini.

Pili, kikundi kitenge nauli ya semina. Akirudi, awaeleze wazazi aliyojifunza, na mchague pamoja yatakayofaa.

Tatu, mshahara. Tangu 2013 elimu ya chekechea iko chini ya kaunti, lakini bado kuna nasari ambazo mwalimu anategemea karo ya wazazi. Mwalimu asiyelipwa hakui, anaondoka, na yote aliyojifunza anaondoka nayo. Kabla hamjapaka ukuta rangi, hakikisheni amelipwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asipomfungulia mlango, mgeni atapita.