Laptopu ya Kikundi: Kioo Kikubwa au Mzigo Mwepesi?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Shanzu)



Nimeombwa niseme machache juu ya laptopu, au kipakatalishi kama watoto wetu wanavyofundishwa shuleni. Vikundi kadhaa hapa Shanzu, Utange na Bamburi vinataka kununua moja ya kuwekea hesabu. Ni jambo jema. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini pesa hizi zimechangwa shilingi kwa shilingi, na mama anayeuza mahamri na kijana wa bodaboda. Tukinunua vibaya hatupotezi mashine peke yake. Tunapoteza imani ya wanachama, na imani haiuzwi dukani.

Sasa, kuna ubishi mmoja ambao huzuka kila mara. Mwenyekiti ataka kioo kikubwa ili wanachama wote waone. Katibu, ambaye ndiye atakayeibeba, ataka ndogo. Je, tumsikilize nani? Tupime pamoja.

Kwanza, vipimo. Kioo hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, kwa mshazari. Vioo vya siku hizi ni vipana kuliko vile vya zamani vilivyokaribia mraba. Upana huo wafaa kwa hesabu, kwa sababu safu za jina, mchango, mkopo na faini zaonekana zote pamoja. Madukani mtakuta sana inchi 14 na inchi 15.6. Kioo cha 14 kina upana wa sentimita 31 hivi, na cha 15.6 kama sentimita 34 na nusu. Tofauti ni vidole viwili tu!

Pili, uzito. Ya inchi 14 huwa na kilo moja na nusu hivi, ya 15.6 karibu kilo mbili, na ya 17 yaweza kupita kilo mbili na nusu. Halafu kuna chaja. Mtasema nusu kilo ni pakiti ya sukari, si kitu. Haya, mwulizeni katibu anayetoka Utange kwa miguu mpaka barabara ya Malindi, apande matatu hadi Mtwapa na mtoto mgongoni. Mkoba mkubwa pia huonekana na wezi upesi. Tena kioo kikubwa hula betri zaidi, na stima zetu mnazijua.

Tatu, hilo la "wote waone". Nia ya mwenyekiti ni nzuri, ni uwazi. Lakini hata inchi 17 haitoshi watu 25 walioketi chini ya mwembe. Jua likiwaka, kioo chageuka kama kioo cha kujitazamia, na aliye safu ya tatu haoni tarakimu. Mkikutana ndani penye televisheni, nunueni waya wa HDMI, uunganishe laptopu na televisheni. Mkikutana nje, andikeni jumla kwenye karatasi kubwa ukutani na mzisome kwa sauti. Uwazi utapatikana kwa gharama ndogo kuliko kuongeza inchi.

Nne, wingi wa nukta zinazounda picha. Ulizeni muuzaji: ni 1366 kwa 768, au 1920 kwa 1080? Hiyo ya pili ina nukta karibu mara mbili. Kwa hiyo laptopu ya inchi 14 yenye nukta nyingi huweza kuonyesha safu nyingi kuliko ya 15.6 yenye nukta chache, ingawa maandishi yatakuwa madogo zaidi. Mweka hazina wenu akiwa na shida ya macho, hapo 15.6 ina haki yake. Nyingi za saizi hiyo pia zina vitufe vya tarakimu upande wa kulia, na hivyo huharakisha kazi ya hesabu.

Basi ushauri wangu ni huu. Ikiwa mashine itakaa mahali pamoja, chukueni 15.6. Ikiwa itasafiri kila wiki, chukueni 14. Ile ya inchi 11 ni nyepesi, lakini itawachosha macho.

Tano, wengi wetu tutanunua iliyotumika, kwa maana mpya ni ghali. Hakuna aibu, ila rahisi yavunja upishi. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliwi rasmi kwa Windows 11. Kwa hiyo ulizeni umri wake. Kumbukumbu iwe GB 8, na diski iwe ya SSD. Iwasheni hapo hapo dukani, mchomoe chaja, mkae nayo nusu saa mwone betri inashukaje. Bonyezeni kila kitufe. Tazameni bawaba za kioo na matundu ya pembeni kama yana kutu, maana chumvi ya bahari yetu haina huruma.

Mwisho, na hili ni kubwa kuliko inchi zote. Nendeni watu watatu kununua, si mmoja. Risiti iandikwe jina la kikundi, na namba ya mashine iingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Neno la siri lijulikane na viongozi wawili. Kila mwezi nakilini hesabu kwenye flashi, nayo ikae nyumba nyingine. Humo mna namba za simu na za vitambulisho vya wenzenu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka habari za watu zitunzwe. Basi si ya kuachiwa watoto wachezee michezo.

Daftari la karatasi nalo msilitupe. Mashine ikifa, daftari litasema.

Sasa nangoja maswali.