Kiyoyozi Kipewe Njia Yake: Mazungumzo na Watumiaji wa Umeme wa Tabora



Wazee waliojenga tembe za Kwihara hawakuwa na umeme, lakini walijua kupambana na joto: kuta nene za udongo, na kivuli cha miembe kando ya njia ya misafara iendayo Ujiji. Leo nyumba zetu ni za kuta nyembamba na bati, na ifikapo Oktoba baadhi yetu hununua kiyoyozi cha dirishani, kile ambacho mitambo yake yote imo ndani ya sanduku moja. Wepesi wa kukipachika ndio unaotuponza, kwani hudhaniwa kuwa kuchomeka plagi kunatosha.

Na tufanye hesabu. Umeme wa majumbani ni wa volti 230. Kiyoyozi cha wati 1,800 huvuta takriban ampea 8. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja, plagi ya ampea 13 hubebeshwa zaidi ya ampea 16. Wala usitarajie fyuzi ikatike papo hapo. Yaweza kustahimili ziada hiyo kwa muda mrefu, huku plagi ikiungua taratibu nyuma ya kabati.

Kwa hiyo kiyoyozi kipewe njia yake peke yake, kutoka kwenye boksi la sakiti breka hadi kwenye swichi iliyo karibu nacho. Kwa kifaa cha kiasi hiki, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwa kawaida hutosha. Kifaa kikiwa kikubwa zaidi au njia ikiwa ndefu, fundi akokotoe upya. Breka ikijikata mara kwa mara, usikubali kuwekewa kubwa zaidi. Breka hulinda waya. Ukiikuza bila kukuza waya, umeondoa mlinzi mlangoni.

Jambo la pili ni erthi, yaani waya wa kijani na njano. Sanduku la kiyoyozi ni la chuma. Waya wa moto ukichubuka na kuligusa, erthi ndiyo inayoupa umeme njia nyingine badala ya mwili wa mtoto anayelishika. Hapa kwetu, tangu Mei hadi Oktoba ardhi hukauka, na fimbo ya erthi iliyofukiwa juu juu hupoteza nguvu yake katika majira yale yale ambayo kiyoyozi hufanya kazi zaidi. Basi erthi ipimwe kwa kipimo wakati wa kiangazi, na njia ya kiyoyozi iwekewe kifaa kinachokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30.

Jambo la tatu ni fundi mwenyewe. Mafundi wa kufunga nyaya za umeme hupewa leseni na EWURA. Kabla hajagusa ukuta wako, omba kuiona leseni hiyo, kisha udai risiti na maelezo ya kazi kwa maandishi. Si kumdharau, ni haki yako, na fundi mwema haoni haya kuonyesha leseni yake.

Ndugu zangu, gharama ya waya mmoja na kazi ya siku moja haiwezi kulinganishwa na gharama ya paa, sembuse uhai.