Kujijengea Nyumba kwa Asiye Fundi

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa makatibu wa vyama vya msingi katika sikukuu ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu.)



Nilipotakiwa kusema mbele yenu siku ya leo, nilidhani nitapewa kusoma hesabu za kilo na magunia, maana hiyo ndiyo kazi mliyonikabidhi. Lakini nikaambiwa hesabu zina wasomaji wake, nami nizungumze juu ya kazi ambayo fedha ya korosho hufanya ikisha kufika nyumbani. Nikatafakari, nikaona kwamba huku kwetu Namungo, tangu Nachingwea mpaka Ruangwa, hakuna kitu kinachokula fedha ya korosho kama nyumba. Basi nitasema juu ya kujijengea nyumba. Sisemi kama fundi. Mimi ni mtu aliyemaliza kidato cha nne akashika kalamu, kisha akashika mwiko bila kufundishwa na mtu. Na nyumba ninayolala inaonyesha makosa yangu yote kwa kila apitaye njiani.

Hapana budi nianze na taabu iliyo yetu sisi wakulima wa zao moja. Mtu wa mshahara hupata fedha kila mwisho wa mwezi, akanunua leo mifuko miwili ya saruji na mwezi ujao mitatu. Sisi fedha yetu huja kwa mkupuo. Korosho huanza kuokotwa kwa wingi mwezi wa Septemba, minada hufunguliwa Oktoba, na malipo huingia mwishoni mwa mwaka. Na mvua zetu huanza lini? Huanza Novemba au Desemba, zikaendelea hadi Aprili. Yaani fedha huja na mvua. Wakati mkono una kitu, udongo umelowa, tofali halikauki wala tanuru haliwaki. Tena kiangazi kikifika, Juni hadi Septemba, jua lipo, udongo upo, vijana wana nafasi, lakini mfuko ni mtupu. Jambo hili lajulikana na kila mtoto wa hapa, nami nilikuwa nikilijua. Ila kulijua kwa masikio na kulijua kwa hasara ni mambo mawili.

Msimu wa mwaka 2017 bei ilipanda kuliko tulivyozoea, nanyi mnakumbuka pikipiki mpya zilivyojaa barabarani. Mama yangu wakati huo alikuwa akikaa katika nyumba ya miti na udongo aliyoijenga marehemu baba. Nguzo zake zilikuwa zimeliwa na mchwa, na ukuta wa mashariki tuliuegemeza kwa gogo usije ukamwangukia. Nikaapa kwamba mama hatapata masika mengine mle ndani. Malipo yalipoingia mwezi wa Desemba, nilinunua mifuko 30 ya saruji kwa siku moja, nikaipanga bandani juu ya udongo mtupu. Kesho yake nikaanza kuchimba msingi, na mvua inanyesha. Nilipima vyumba vinne, sebule, na baraza mbele na nyuma. Mke wangu akasimama akatazama mambo zile, akaniuliza, "Baba watoto, nyumba hii ni yetu sisi au ni ya Mkuu wa Wilaya?" Nikamjibu kwa ukali, kama wafanyavyo watu wasio na jibu.

Kufika Februari mitaro ilikuwa visima. Kingo ziliporomoka, vyura wakahamia. Nilipokwenda kutazama saruji, mifuko 11 ilikuwa imekwisha kuwa mawe, kwa kuwa saruji hunywa unyevu hata ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Ilipasa kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na kutumiwa upesi. Mawe yale hayakutupwa. Ndiyo ngazi ya mlango wa jikoni, nami huyakanyaga kila asubuhi.

Wazee wa Nachingwea hawakushangaa. Mmoja wao alinicheka akasema kwamba nimefanya kama Waingereza wa karanga. Vijana huenda hamwijui habari hiyo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Zililetwa trekta za kung'oa misitu, ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kutoka huko mpaka hapa kwetu. Ardhi na mvua hazikupimwa sawasawa kabla ya kazi kuanza. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimekwisha kupotea. Reli ilifungwa mwaka 1962, ikang'olewa. Mzee yule aliniambia, "Mjukuu wangu, wao walikuwa na pauni. Wewe una korosho za mikorosho mingapi?"

Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu kiangazi cha 2018. Kwanza alinifanya nipime udongo. Alichukua chupa ya kioo, akatia udongo kiasi cha theluthi, akajaza maji, akaitikisa kwa nguvu, akaiacha mpaka siku ya pili. Mchanga ulikaa chini, na udongo mfinyanzi ukalala juu yake kama utando. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka jua likilipiga. Mchanga ukizidi, tofali humomonyoka mkononi. Udongo wa uwanja wangu ulikuwa na mchanga mwingi, basi tukauchanganya na udongo wa kichuguu. Mchwa walioila nyumba ya baba wakatusaidia kujenga ya pili.

Pili alinifundisha kona. Mimi nilikuwa nikipima kona kwa macho, na macho ni mwongo mkubwa. Chukua uzi, pima futi 3 upande mmoja wa kona na futi 4 upande wa pili, kisha pima ulalo baina ya ncha mbili hizo. Ukiwa futi 5 kamili, kona yako ni ya haki. Ukizidi au ukipungua, sogeza mambo. Nilikuwa nimesoma jambo hili shuleni, nikalifanyia mtihani nikalipata, wala sikuwahi kudhani kwamba lina kazi nje ya daftari. Kwa usawa wa msingi tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake: maji hujiweka sawa ncha zote mbili, hata mpira ukiwa na urefu wa nyumba nzima. Na ukuta tuliusimamisha kwa timazi, ambayo si kitu zaidi ya jiwe na uzi.

Tatu, na hili lilinipa uchungu, alinipunguza. Alisema jenga vyumba viwili uvipaue, na viwili vingine vibaki msingi. Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu mke wangu alinionyesha hesabu aliyoifanya kwa mkaa mlangoni: vyumba viwili, matofali 6,000, vyumba vinne na sebule na baraza, hakuumaliza hata mstari. Nikakubali.

Tulifyatua kwa mikono yetu, mke wangu, ndugu zangu wawili na mimi, tukiwaalika majirani siku za kubeba maji. Matofali tuliyafunika kwa nyasi yakauke polepole kivulini, kisha tukayageuza na kuyapanga tanuru, tukaacha matundu ya kuni chini, tukalikandika nje kwa tope. Moto uliwaka siku tatu usiku na mchana, nasi tukalala huko kwa zamu. Ya katikati yalitoka mekundu na yakigongwa yanalia. Ya pembeni yalikuwa hayajaiva, tukayatumia kwa kuta za ndani. Kufika mwisho wa Agosti kuta zilikuwa zimesimama mpaka lenta. Mama alikuwa akija kila jioni na kigoda chake, akakaa katika chumba kisicho na paa, akatazama mbingu.

Na hapa ndipo ninapofikia neno lililonipa taabu kuliandika. Kuta za tope bila paa haziwezi kuingia Novemba. Mbao nilikuwa nazo. Mabati sikuwa nayo, na shilingi sikuwa nayo. Mwezi wa Septemba alikuja mtu usiku na bakuli lake, nami nikamwuzia kangomba. Naam, wanachama wenzangu. Mimi ninayesimama leo mlangoni pa ghala kuwaonya juu ya kangomba, mimi niliuza. Wakati huo sikuwa Katibu, lakini nilikuwa mwanachama, na kadi yangu ilikuwa mfukoni wakati bakuli likijazwa mpaka likafanya kilima. Nilimpa kilo 300 kwa kipimo chake. Kwa mizani yetu naamini zilikuwa zaidi. Alinilipa shilingi 1,200 kwa kilo. Nikapata shilingi 360,000, nikanunua mabati 20.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ilitangazwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Fanyeni hesabu, nami nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyotaka: nilipoteza shilingi 630,000, ambazo ni mabati mengine 35. Ni kweli fedha za msimu ule zilikawia, nami kwa kilo chache zilizobaki nilingoja mpaka mwaka uliofuata. Lakini zilifika, kwa 3,300. Wako humu wanaoijua habari hii, na nimeonelea heri muisikie kwangu kuliko kuisikia nyuma yangu. Tukiwalaumu wanaouza kangomba na kuwaita wajinga, tunakosea. Wengi wao wana ukuta usio na paa, au mtoto anayetakiwa ada, na ni mwezi wa Septemba.

Mabati nayo niliyapigilia mwenyewe, tena vibaya. Nilipiga misumari katika bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Mvua ya kwanza ilituonyesha kila msumari ulipo. Mama alihamia Desemba ileile, na neno lake la kwanza asubuhi halikuwa shukrani. Alisema mvua ya juu ya bati inapiga kelele hata mtu hasikii anachofikiri. Amekwisha kuizoea sasa. Bado anakaa humo.

Tangu wakati huo nafuata kalenda yangu mwenyewe, nami nawaeleza ipate kuwasaidia. Malipo yakiingia, nanunua kwanza vitu visivyooza: mabati, misumari, nondo, bawaba. Saruji siigusi mpaka siku ya kuitumia iwe imekaribia. Sehemu inayobaki naiweka akiba chamani, nisiweze kuichukua kwa haraka ya harusi au ngoma. Kiangazi natumia mikono, ambayo haihitaji mnada. Kwa njia hii bati hunisubiri mimi, wala mimi silisubiri bati. Na mtu wa bakuli akija usiku hunikuta sina shida naye.

Nasikitika kuhusu kuni. Tanuru langu lilikula miti mingi, na misitu yetu si ile ya zamani. Mwaka 1956, huko Bogotá katika nchi ya Kolombia, mhandisi aitwaye Raúl Ramírez alitengeneza mashine ya mkono ya kushindilia udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na tofali lake halichomwi kabisa. Lahitaji kumwagiwa maji na kufunikwa siku kadhaa lipate kukomaa. Mashine za namna hiyo, na zile za matofali ya kufungamana, zimeenea nchini. Mtu mmoja hawezi kuinunua kwa nyumba moja. Chama chaweza, wanachama wakaikodi kwa zamu, na naomba Bodi ilitazame jambo hili kabla ya kiangazi kijacho.

Msingi wa vyumba viwili vilivyobaki bado uko wazi. Mke wangu amepanda mihogo ndani yake, na sasa ananiambia kwamba nikitaka kujenga nimpe notisi ya msimu mmoja. Matofali 1,800 yamekwisha kuchomwa. Kalibu zangu mbili, uzi, timazi na mpira wa maji viko ofisini kwetu, na daftari la kuandika aliyeazima liko mezani. Atakayevihitaji aje kabla ya Juni, kwa maana mwezi wa Juni navitumia mwenyewe.