Nani Ataikagua Mizani ya Polisi?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi. Tumeyapiga chapa kama yalivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.)



Tumeombwa tuseme juu ya Polisi. Kabla hatujaendelea, twataka ifahamike ya kuwa hatukuja hapa kuwatukana askari. Askari ni mtoto wetu. Amevaa nguo za Serikali lakini amezaliwa katika nyumba kama zetu, na wengi wao huchukua unga na sukari kwetu kwa deni hata mwisho wa mwezi. Daftari za maduka zinaijua shida ya askari pengine kuliko wakubwa wake. Tulilokuja nalo ni suali moja: kazi ya Polisi inakaguliwa na nani, na khabari za ukaguzi huo humfikia nani?

Sisi ni watu wa duka, na mtu wa duka hupimwa. Mizani yetu hukaguliwa na maofisa wa vipimo, nayo hupigwa muhuri. Hatuambiwi kwamba kwa kuwa sisi ni waaminifu basi tujikague wenyewe. Hata aliyesoma chuoni tangu utotoni, akaijua sura iliyoshuka juu ya wapunjao vipimo, hakubaliwi kujipigia muhuri. Wala hatuoni kuwa ni matusi, maana muhuri ule ndio umfanyao mnunuzi aje dukani na moyo mweupe. Basi ikiwa kilo ya sukari haikuachwa bila ya mkaguzi, vipi zitaachwa bunduki na pingu?

Huenda mtu akauliza: kwa nini watu wa visiwani tuitazame Dodoma? Jibu ni jepesi. Muungano ulipofanywa mwaka 1964, mambo 11 yaliwekwa chini ya Serikali ya Muungano, na la nne lilikuwa Polisi. Katika orodha iliyomo katika Katiba ya mwaka 1977 Polisi ni la nne vile vile. Bunge liko Dodoma, na makao makuu ya Jeshi la Polisi yako Dodoma. Askari asimamaye Darajani au Wete, amri yake ya mwisho yatoka kule. Kwa hivyo mzigo wa mtu wa Dodoma na mzigo wetu umefungwa kwa kamba moja.

Utazameni basi mji huo. Shauri la kuufanya makao makuu lilikatwa mwaka 1973, likalala miaka mingi. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa haraka, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Katika hisabu ya watu ya mwaka 2012 walikuwamo watu 410,956. Katika ile ya mwaka 2022 wakawa 765,179. Palipokuwa na vichaka vya miiba na mashamba ya zabibu pamekuwa mitaa, na huko Mtumba umejengwa mji wa Serikali. Mji ukikua namna hii, mwizi hangoji kituo kijengwe. Yeye huhamia siku ile ile anayohamia karani.

Je, askari wameongezwa kwa kadiri ya watu? Wamegawanywa vipi kati ya mitaa ya wakubwa na mitaa ya pembeni? Mwananchi wa Dodoma hana baraza lake la kuuliza hayo likajibiwa kwa lazima. Diwani wake aweza kuuliza juu ya mitaro, taka na soko, lakini Polisi haimo mikononi mwa Baraza la Madiwani. Iko Kamati ya Ulinzi na Usalama ya mkoa, na mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa aliyeteuliwa na Rais. Kamanda wa Polisi mwenyewe ni mjumbe humo, lakini muuza mboga wa Majengo na mkulima wa Kongwa hawamo. Bungeni iko kamati inayotazama mambo ya ulinzi, lakini kamati ya Bunge haikai kusikiliza malalamiko ya mtu mmoja mmoja aliyepigwa au aliyenyimwa haki kituoni.

Tutoe mfano. Mwezi wa Agosti 2024 nchi nzima iliona aibu ya picha za binti aliyefanyiwa unyama na kundi la wanaume. Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Dodoma alipoulizwa na waandishi, akatoa maneno yaliyofahamika kuwa yanamtupia lawama binti mwenyewe. Watu wakapiga kelele, na kelele ile ilikuwa ya haki. Jeshi la Polisi likaomba radhi na kamanda akahamishwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Mahakama ya Dodoma ikawahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Twasema alhamdulillahi. Lakini tuangalie vyema: aliyemwondoa kamanda ni mkubwa wake wa kazi, na aliyesababisha aondolewe ni kelele. Je, yule ambaye kisa chake hakikupata kelele? Mama wa kijijini Mpwapwa asiyejulikana na mwandishi yeyote, ataupeleka wapi ushahidi wake?

Twajua jawabu wanalolitoa wakubwa: askari ni wachache, na wachache hawapaswi kubughudhiwa. Jambo hili tulilipima kwa hasara yetu wenyewe. Miaka iliyopita tulikuwa na duka katika mji mmoja wa bara usio haja ya kutajwa. Usiku mmoja likavunjwa, vikachukuliwa vitambaa na fedha za mauzo ya siku tatu. Asubuhi tukenda kituoni. Tuliwakuta askari wawili, wamechoka, mmoja hajalala tangu jana yake. Hawakutufukuza. Walituambia gari halina mafuta, na karatasi za kuandikia maelezo tununue wenyewe. Tukanunua. Jirani yetu mmoja aliwaona wezi na aliwajua kwa majina. Tulipomwomba aje kuandikisha, akakataa. Alisema mwaka uliopita mtu alitoa khabari kituoni asubuhi, na kabla ya magharibi mwizi alikwisha kumjua aliyemtaja. Nani aliyeitoboa siri ile? Hapakuwa na pa kuuliza ila kituo kile kile. Tukaiandika hasara katika daftari, mwizi akabaki mtaani, na askari wale wawili wakabaki na kazi ile ile isiyokwisha.

Basi uchache wa askari si hoja ya kukataa ukaguzi. Ni hoja ya kuutaka. Askari wachache huweza kulinda mji mkubwa ikiwa raia wanawapa khabari. Raia akiogopa, hata wakizidishwa mara mbili watatembea kama watu waliofungwa macho. Na raia akikata tamaa kabisa hushika mishale. Hapo mwanzo wa miaka ya 1980 watu wa Usukuma na Unyamwezi, walipoona wezi wa ng'ombe hawashikwi, waliunda Sungusungu. Mwaka 1989 sheria ikawapa nafasi. Walizuia wizi, hilo hatukatai. Lakini pia wako watu waliouawa kwa tuhuma tupu, bila ya hakimu. Ndiyo bei ya kukosa Polisi anayeaminiwa.

Wengine watasema: iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ni kweli, imo katika ibara ya 129 ya Katiba, na ilianza kazi mwaka 2001. Twaiheshimu. Lakini tume hiyo imebebeshwa malalamiko ya kila namna, ya magereza, ya ardhi, ya kazi, na ikimaliza kuchunguza hutoa mapendekezo. Kumwachisha askari kazi au kumhamisha si mamlaka yake. Anayepokea pendekezo ni yule yule aliyelalamikiwa.

Ndipo ikawa desturi yetu kuunda tume baada ya maziko. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 damu ilimwagika hapa visiwani, Unguja na Pemba. Tume ya Serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja watu 31 waliokufa, na Human Rights Watch ikasema si chini ya 35. Wenzetu zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mwezi wa Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini na dereva wa teksi waliuawa mikononi mwa Polisi Dar es Salaam. Ikaundwa tume ya Jaji Kipenka Mussa. Januari 2022 aliuawa kijana mfanyabiashara Mtwara, na Polisi wakaunda kamati ya kuchunguza. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe akaikataa kamati hiyo hadharani, kwa hoja kwamba Polisi waliotuhumiwa hawawezi kujichunguza, akamwagiza Waziri Mkuu aunde nyingine. Juni 2025 Mahakama Kuu ikawahukumu maofisa wawili kunyongwa kwa kisa hicho. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ikapendekeza Polisi iundwe upya, iwe huduma badala ya jeshi. Na baada ya damu ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 Rais akaunda tume nyingine, mwenyekiti wake jaji huyo huyo.

Hatuwadharau majaji. Lakini tume hizi ni za dharura: huja, husikiliza, huandika, huondoka. Ikiwa Mkuu wa Nchi amekiri mwaka 2022 kwamba mtuhumiwa hajichunguzi, basi neno hilo liwe sheria ya kila siku, lisiwe hisani ya siku moja.

Majirani zetu wa Kenya, baada ya machafuko ya mwisho wa mwaka 2007, walitunga sheria mwaka 2011 ya kuanzisha mamlaka huru ya raia ya kuwasimamia Polisi, iitwayo IPOA. Hatusemi ya kuwa dhulma imekwisha Kenya. Vijana waliouawa katika maandamano ya mwaka 2024 ni ushahidi. Lakini Juni 2025 mwalimu mmoja alipokufa katika kituo cha Polisi Nairobi, Polisi walisema alijigonga ukutani. Madaktari wakayakanusha maneno hayo, IPOA ikachunguza, na katika waliopelekwa mahakamani alikuwamo mkuu wa kituo. Mlango ulikuwapo, na ulifunguka bila ya kungoja hisani.

Na wala jambo hili si geni kwetu. Sayyidna Umar, watu wa Kufa walipomlalamikia gavana wao Saad bin Abi Waqqas, hakusema kwamba huyu ni sahaba mkubwa asiulizwe. Alimtuma mtu aende Kufa, akapita msikiti baada ya msikiti akiwauliza watu wa kawaida juu ya kiongozi wao. Saad alikuwa mtu mwema, na wengi walimsifu. Ukaguzi haukumpunguzia heshima. Muovu tu ndiye anayeogopa kuulizwa khabari zake.

Ndugu wanachama, madai yetu basi ni haya:

1. Liundwe kwa sheria baraza huru la raia la kupokea malalamiko juu ya Polisi, lenye uwezo wa kuita mashahidi na kufungua mashitaka, na lenye ofisi Dodoma, Unguja na Pemba.

2. Watu wa visiwani wawe na wajumbe wao humo kwa haki, maadamu Polisi ni jambo la Muungano.

3. Kila mwaka itangazwe hisabu ya askari wa kila mkoa, makosa yaliyopokelewa, yaliyofika mahakamani, na watu waliokufa mikononi mwa Polisi.

4. Baraza hilo lisikilize pia malalamiko ya askari: nyumba, posho, uhamisho wa chuki, na amri za dhulma. Askari anayekataa kumpiga asiye na hatia naye anahitaji pa kukimbilia.

5. Jina la mtoa khabari lilindwe, na anayelitoboa ashitakiwe.

Katika haya hakuna hata moja linaloidhoofisha Serikali iliyo njema. Rudini majumbani mkayazungumze, barazani na sokoni, na zaidi na vijana wenu waliomo katika Polisi. Waambieni twataka muhuri katika mizani yao kama ule uliomo katika yetu, ili nao wapate kuuza kwa uso mkunjufu.

Wabillahi tawfiq.