Hakuna Risasi Ndani ya Kalamu ya Risasi

Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi mliopanda Matogoro tangu alfajiri, na ninyi wahitimu: mzee huyu aliyealikwa amepewa dakika kumi, na mkewe amemwonya asizidishe hata moja.

Mzee huyu alianza kazi kwa kufundisha darasa la pili, kijiji kimoja cha mkoa huu huu. Siku moja mtoto mwenye kipande cha kalamu kifupi kama kidole gumba akauliza, "Mwalimu, hii risasi inachimbwa wapi?" Mwalimu hakujua. Badala ya kukiri, akamwambia akae chini aache utundu. Darasa likaangua kicheko. Mtoto yule hakunyoosha mkono tena mwaka mzima.

Miaka ikapita ndipo mwalimu akajua kwamba ndani ya kalamu ya risasi hakuna risasi hata chembe. Ni kinywe, madini yanayopatikana Mahenge na Ruangwa, ndugu wa makaa ya mawe ya Ngaka kule Mbinga. Aliyekosea kabla ya mwalimu huyo ni msomi mkubwa: Conrad Gesner wa Uswisi, aliyechora mwaka 1565 kipande cha kinywe kikiwa kwenye kishikio chake, alidhani ni aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Carl Scheele akathibitisha kuwa ni kaboni. Jina halikubadilika.

Kilichobadilika ni kishikio, maana ndicho kilichowahangaisha mafundi. Kuchonga kunamaliza kalamu, na wembe unamaliza vidole vya watoto (hapo mzee ana ugomvi wa siku nyingi: nunueni vichongeo!). Mwaka 1822, huko Uingereza, John Isaac Hawkins na Sampson Mordan walipata hataza ya kalamu inayosukuma kinywe chake yenyewe na kujazwa upya kikiisha. Mordan akaitengeneza kwa fedha, ikawa pambo la mabwana.

Kisha akaja Hayakawa Tokuji wa Tokyo, fundi wa vyuma. Kalamu yake ya chuma, ya aina hiyo hiyo, ilitoka mwaka 1915. Mwaka 1923 tetemeko la ardhi likamnyang'anya kiwanda, mke na watoto. Akahamia Osaka, akaanza upya kwa kutengeneza redio, na kampuni yake ikaitwa Sharp, jina lililotokana na ile kalamu. Wangapi hapa wana televisheni ya Sharp sebuleni bila kujua ni mjukuu wa kalamu?

Walimu wapya, historia yote hii ilikuwa ndani ya swali la mtoto mmoja, lakini ualimu wetu una ugonjwa wa kuogopa neno "sijui". Mzee huyu aliugua vibaya. Mtoto akiwauliza msilolijua, semeni hamjui, kisha mlitafute usiku huo huo, mmrudishie jibu asubuhi mbele ya wenzake.

Yule wa darasa la pili sasa ni mtu mzima. Kama yumo chini ya turubai lile la wazazi, tafadhali amfuate mzee huyu kabla ya pilau. Anadai jibu lake.